Nilivuka Nairobi Kumkosoa Shiru

Kwenu watu wa kikundi chetu cha wapenda kanda za muziki. Tangu Jumamosi mnaniuliza ilikuwaje, na mimi najibu "poa tu", na mnanijua vya kutosha kujua kwamba nikisema poa tu basi kuna jambo. Nimeandika haya na kuyafuta sijui mara ngapi. Sasa nayatuma hata kama yana makosa, maana nikingoja yawe safi mtazeeka.

Mnaojua kisa mnisamehe, kuna wageni kwenye kikundi, acha nianzie mwanzo. Kabla wengi wetu hatujazaliwa, Nairobi ilikuwa na bendi iliyoitwa Bonde na Mawingu. Walipiga roki ile ya nyimbo ndefu, ambapo wimbo mmoja unamaliza upande mzima wa santuri, na mapigo yanabadilika kabla mguu wako haujazoea. Walitoa santuri moja tu iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watu, *Hai Ukumbini*. Iliisha madukani na haikutolewa tena. Juzijuzi kijana mmoja mwenye biashara ya muziki, Lenny, alizipata kanda zenyewe, zile kubwa za magurudumu, akatangaza kwamba ataitoa upya. Alitupa watu wawili nakala tujaribu kusafisha sauti: mimi na Shiru. Kisha akamchagua Shiru.

Shiru ni rafiki yangu. Ningefurahi kuwaambia kwamba alichaguliwa kwa sababu amesomea ng'ambo, ningelala vizuri. Lakini hajasomea popote, kama mimi. Sote tulijifunza kwa video na kwa kuharibu vitu. Tena mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuondoa mkwaruzo kwenye kanda bila kuondoa pumzi ya mwimbaji. Nilimwonyesha mezani kwangu, huku akila ndizi zangu.

Sikuacha. Hili sikuwaambia. Lenny alipomchagua Shiru niliendelea kuifanyia kazi nakala yangu kila siku, kama mtu aliyeachwa na mchumba lakini bado anaenda kumfulia nguo. Na siku moja nikapata kosa.

Kila rekodi ya zamani ina mvumo wa stima, yaani umeme, chini kabisa, kama nyuki waliofungiwa ukutani. Stima ya kwetu huvuma kwa mizunguko hamsini kwa sekunde. Kwa hivyo ukipima mvumo kwenye kanda ukaukuta umeshuka, unajua kwamba kanda ilizunguka vibaya, na kila kitu kilichomo kimeshuka pamoja nao. Niliupima. Ulikuwa umeshuka. Nikapima gitaa, nalo limeshuka kiasi kilekile. Nikasikiliza kipande ambacho Lenny alikuwa ameweka mtandaoni, kazi ya Shiru. Ameacha vilevile, chini. Nilisimama jikoni nikacheka peke yangu.

Nilirekebisha santuri nzima. Wimbo wa mwisho ulinitesa zaidi, kwa sababu karibu na mwisho mvumo unazidi kuzama, na ilibidi niunyanyue kidogokidogo, kama mtu anayenyoosha waya. Nilipomaliza ulikuwa umenyooka kabisa.

Lenny alikuwa ameandika kwamba Jumamosi wazee wa bendi watasikiliza kwa mara ya mwisho chumbani kwa Shiru, na jioni hiyohiyo kazi itatumwa kiwandani ng'ambo. Nilimwandikia, hakujibu. Ningeweza kumpigia Shiru. Sikumpigia. Ukimpigia mtu simu anarekebisha kimyakimya na mambo yanaisha. Mimi nilitaka kuwa chumbani. Nilitaka kuona uso wake.

Satellite mpaka Kawangware

Mama alinikuta nyumbani kwetu Satellite nikipiga pasi kola.

"Kyalo, unaenda wapi na shati ya kanisa?"

"Kazi."

"Kazi gani ya Jumamosi? Na ukipiga hiyo kola tena itakatika. Kunywa chai."

Sikunywa chai. Niliweka kompyuta kwenye mfuko, nikaitoa, nikahakikisha faili zimo, nikairudisha, nikaitoa tena. Nilipofika barabarani bomba la maji lilikuwa limepasuka na magari yamesimama hadi mwisho wa macho. Watu walikuwa wanashuka na kuruka matope wakiwa wameshika viatu. Nikatembea hadi Kawangware kwenye ukingo wa mtaro, macho chini, nikichagua mahali pa kukanyaga kama kuku.

Pale nikapata boda boda. Mwendeshaji alikuwa na koti zito na kicheko chepesi.

"Umeshika hiyo bag ni kama mtoto mchanga, boss. Ni interview?"

"Kitu kama hiyo."

"Wanataka nini?"

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu nilikuwa nimejisemea hotuba ile tangu alfajiri na ilihitaji mtu wa kuisikia. Nilimweleza mvumo, kanda, kasi, yote, nikimpigia kelele sikioni juu ya mlio wa injini.

"Kwa hivyo hiyo ngoma iko slow," akasema.

"Kidogo sana. Mtu wa kawaida hawezi kuskia."

Akafikiri hadi tukapita soko. "Sasa kama siwezi skia, shida ni ya nani?"

Alisimama kununua smoki, zile soseji za barabarani, akaninunulia na mimi bila kuniuliza, akasema mtu anayeenda interview na njaa huonekana mwongo. Nilikula nikiwa nimeinama ili nisijichafue. Kachumbari ikaanguka kifuani.

Mtu mwingine angefuta kwa kitambaa na kwenda zake. Mimi nilimwomba anishushe kwenye kituo cha mafuta, nikaingia chooni, nikasugua doa lile la nyanya kwa sabuni ya mikono hadi likawa doa kubwa la maji, kisha nikasimama chini ya mashine ya kukausha mikono nikiwa nimevuta shati mbele. Wanaume waliingia na kutoka wakinitazama. Nilipotoka boda alikuwa ameenda, ameacha ujumbe kwa muuza mafuta: "Mwambie huyo fundi wa slow nimechoka kumngoja."

Mjini, ghorofa ya tano

Chumba cha Shiru kiko upande wa River Road, ghorofa ya tano, katika jumba ambalo lifti yake haijapanda tangu nilijue. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yake, Mama Zippy, fundi wa nguo za harusi, alitoa kichwa akiwa na pini mdomoni.

"Wametoka. Huyo Lenny wa nywele nyingi alisema hizi spika ni ndogo, wameenda kwake Spring Valley. Wewe ni nani?"

"Rafiki ya Shiru."

"Uko na jasho. Ingia ukae kidogo, niko na funguo."

Singepaswa kuingia. Niliingia.

Jamani, kile chumba. Kuta zimefunikwa kwa zulia kuukuu na magodoro yaliyokatwa vizuri, pembe kwa pembe, kazi ambayo ningejivunia. Mashine ya kanda iko mahali pake, imefunikwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake, bila shaka na Mama Zippy. Na kuna kiti. Kiti cha kuzunguka, chenye mgongo wa wavu. Mimi hufanya kazi juu ya stuli ya jikoni na mto wa kochi. Nilikikalia. Nikazunguka nacho mara moja, polepole. Kilinikubali mgongo wote, na nikakichukia.

Ukutani kulikuwa na picha: Shiru katikati ya wazee wawili, wote wameshika vikombe vya chai, mmoja amefungua mdomo akicheka hadi unaona meno ya nyuma hayapo. Niliwatambua kutoka kwenye jalada la santuri. Mzee Maingi, mwimbaji, na Mzee Thuo, mpiga kinanda.

"Hao huja hapa kila wiki," Mama Zippy alisema kutoka mlangoni. "Wanaongea hao wazee. Mtoto wa watu ananunua mandazi anakaa kuskiza tu. Mi humuuliza, Shiru, utafanya kazi saa ngapi?"

Nilifurahi kusikia hivyo. Ndiyo sababu hakupima mvumo, nikajiambia. Alikuwa anakula mandazi. Mimi sijawahi kukaa na mzee yeyote wa bendi ile. Nilikuwa na kazi.

Nilishuka, nikala chapati na maharagwe ya madondo kwenye kibanda kilicho nyuma ya jumba, nikiwa nimesimama, leso imefungwa shingoni kama mtoto. Nilikula haraka hadi mwenye kibanda akaniuliza kama ninakimbizwa. Kisha nikavuka mji kwa miguu kutafuta gari la kwenda Westlands.

Spring Valley, na televisheni

Kutoka Westlands nilitembea. Huko juu barabara ni za kivuli na nyua ni ndefu kuliko nyumba zetu, na mtu anayetembea kwa miguu ni mfanyakazi au amepotea. Nilifika geti la kina Lenny shati likiwa limekauka na kubaki na mstari wa sabuni.

Soja wa getini alinitazama, akatazama mfuko.

"Wewe ni yule wa intaneti?"

"Mimi ni wa sauti."

"Sauti, intaneti, ni hiyo hiyo. Ingia haraka, mama amekungoja tangu asubuhi."

Nilidhani Lenny alikuwa ameupata ujumbe wangu na kumwambia mama yake anitarajie. Moyo ulinipanda. Mama Lenny alinipokea mlangoni, mwanamke mrefu wa kitenge na miwani kichwani, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja sebuleni, mbele ya televisheni kubwa kama kitanda.

"Hii ndiyo inanisumbua. Skiza mwenyewe. Mhubiri anafungua mdomo, maneno yanakuja baadaye."

Nikasikiliza. Kweli, sauti ilikuwa nyuma ya mdomo. Si sana. Lakini ukishaona jambo kama hilo huwezi kutoliona. Ningeweza kusema pale pale kwamba mimi si yule wanayemngoja. Ninyi mnanijua. Nilikaa zuliani na rimoti nikaanza kutafuta, na sikuinuka hadi mhubiri na mdomo wake walipopatana. Halafu nikairudisha nyuma kidogo, kisha mbele, kwa sababu haikuwa imepatana kabisa.

"Wewe unajua kazi," Mama Lenny alisema. "Sasa niwekee na ile intaneti ya juu."

"Mum, mimi si wa intaneti. Nimekuja kwa ajili ya santuri. Namtafuta Lenny."

Alicheka hadi akashika kochi. "Na ukaketi hapo muda wote huo. Ngai. Wameenda Karen, kwa Mzee Thuo. Wazee walisema hawawezi kuskiza na njaa, na hapa kwangu leo kuna saladi."

Alinilazimisha kunywa chai na sambusa. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, tangawizi kwa mbali. Akaniuliza kama nilimjua msichana anayefanya kazi ile.

"Huyo Wanjiru, Shiru wenu, ana mkono mzuri sana. Na heshima. Alijifunza wapi?"

"Mimi ndiye nilimfundisha," nikasema.

Maneno yalitoka haraka, kama mate. Mama Lenny aliweka kikombe chini.

"Aai. Basi mbona sijawahi kukusikia?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kwa nini duka fulani limefungwa. Nilijibu kwamba ni kitambo, kwamba Shiru ana mambo mengi, na moyoni nikasema: leo utanisikia.

Dereva wake alikuwa anapeleka keki Karen, kwa hivyo nikapewa nafasi mbele na keki mapajani. Ilikuwa ya krimu, kubwa, kwenye sanduku lisilofunga vizuri. Njia yote ya bypass, ile barabara inayozunguka mji, nilikuwa nimeikumbatia keki kwa mkono mmoja na kompyuta kwa mwingine. Dereva alisikiliza mpira wa redioni na kupiga breki kila timu yake iliposhambuliwa.

Karen

Boma la Mzee Thuo si lile la hoteli na farasi ambalo watu hufikiria wakisikia Karen. Ni shamba la babake, limebaki katikati ya nyumba kubwa, lenye ng'ombe wawili na sukuma wiki hadi ukutani. Barazani walikuwa wameweka spika mbili ndefu za Lenny. Moshi wa nyama ulikuwa unavuka meza. Wazee wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki, Lenny amesimama na simu, na Shiru amechuchumaa nyuma ya spika akirekebisha waya.

Aliinua kichwa. Nimeufikiria sana uso ule, kwa sababu ndio niliovuka mji kuuona. Ulifurahi.

"Kyalo. Umekuja," akasema, akaja kunikumbatia, akagonga keki. "Na umeleta keki."

"Kijana ameleta keki," Mzee Thuo akatangaza, na kabla sijasema neno nilikuwa nimeshukuriwa na boma zima. Dereva alinitazama kwa huzuni na kurudi garini kwa mpira wake.

Nilitaka kungoja nafasi nzuri. Nilipewa sahani ya mukimo, viazi vya kupondwa, na mbavu, nikaishika bila kula. Mwishowe nilisimama na kusema kila kitu kwa pumzi moja: mvumo, hamsini, kanda iliyozunguka vibaya, kazi inayoenda kiwandani ikiwa na kosa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Lenny alijishika paji la uso. "Bro. Leo?"

"Leo ndiyo siku ya mwisho," nikasema.

Nilimtazama Shiru. Alikuwa ametulia, ameshika waya. "Acha acheze tuskie," akasema.

Nikaunganisha kompyuta yangu. Nilikosa tundu la waya mara mbili, Lenny akanisaidia kuchomeka. Wimbo wa kwanza ukatoka, wangu, safi, gitaa mahali pake, kinanda mahali pake. Ulisikika vizuri, ndugu zangu, sitawadanganya. Sauti ya mwimbaji ikaingia, nyepesi na ya juu.

Mzee Maingi aliinamisha sikio. Ni mtu mpole, mwembamba, wa Makueni, ambaye husema kidogo. Akasikiliza hadi mwisho wa ubeti.

"Huyu kijana anaimba vizuri," akasema. "Ni nani?"

Mzee Thuo akapaliwa na nyama. "Ni wewe, Maingi. Ni wewe kabla uanze sigara."

"Mimi sijawahi kuwa hivyo. Huyo ni kama mtoto wa kwaya."

Wakacheka, mke wa Mzee Thuo akacheka kutoka jikoni bila kujua wanacheka nini. Kisha Mzee Thuo akafuta midomo, akanigeukia, na akanieleza kama mtu anayesimulia mvua.

Usiku ule wa tamasha stima ilipotea kabla hawajaanza. Ukumbi ulikuwa na jenereta kuukuu nyuma, na ilikuwa haina nguvu ya kutosha, ilizunguka polepole. Kinanda chake hakikuwa kama hivi vya leo. Kilikuwa na mota ndani, na mota ile ilifuata stima. Stima ikizubaa, mota inazubaa, na noti zote zinashuka pamoja.

"Nilibonyeza noti ya kwanza nikajua tumeisha," alisema. "Siwezi kukipandisha. Nikawaambia hawa, shukeni mnifuate. Wakalegeza nyuzi zote. Maingi akashuka pia, maskini, kwa sauti ya baba yake."

"Na mashine ya kurekodi?" niliuliza. Bado nilikuwa napigana. "Nayo ilikuwa kwenye jenereta?"

"Hapana. Ilikuwa ya betri. Jamaa wa redio aliibeba begani kama kikapu."

Basi. Kanda ilizunguka sawa. Mvumo ulikuwa wa jenereta, na ulishuka kwa sababu ulishuka kweli, na bendi ilishuka nao kwa makusudi. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi, na nilikuwa nimekosea kila kitu. Hakuna mashine duniani ingenionyesha tofauti. Kulikuwa na njia moja tu ya kuijua, nayo ni kuuliza.

"Hata mimi niliiharakisha hiyo kanda kwanza," Shiru alisema. "Karibu mwezi mzima. Nilikuwa nimeanza kumtumia Lenny hizo nyimbo. Halafu Mzee Thuo akaja akaskiza akanicheka kama hivi amekucheka."

Alisema ili kunifariji, na nitawaambia ukweli: hapo ndipo wivu uliponishika vibaya zaidi. Angenicheka ningepata kitu cha kushikilia. Alikuwa amefanya kosa langu mapema kuliko mimi, na kuliacha nyuma mapema kuliko mimi, huku akinunua mandazi.

Wakaweka kazi yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na sahani iliyopoa. Sauti ya Mzee Maingi ikatoka nzito, yenye udongo, na yeye mwenyewe akatikisa kichwa: "Eeh. Huyo ndiye." Nyimbo zikapita. Nilitafuta makosa katika kila sekunde, kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwenye kazi yangu mwenyewe, nikapata moja tu, dogo, katikati ya makofi. Nikalinyamazia.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho, na mahali pale ambapo mvumo unazama.

"Petroli ilikuwa inaisha," Mzee Thuo akanong'ona.

Kinanda kikaanza kushuka, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa. Gitaa likakifuata, unasikia vidole vikilegeza nyuzi huku vinapiga. Mzee Maingi akashuka nalo, chini, chini, hadi akaishiwa sauti kabisa. Na alipoishiwa, ukumbi ukampokea. Watu wote, mamia ya sauti, wakaubeba ule mstari na kushuka nao hadi kinanda kikafa, taa zikafa, na wao wanaendelea kuimba.

Mahali pale pale mimi nilikuwa nimepanyoosha. Nilikesha nikipanyoosha. Kwenye kazi yangu hakuna anayeteremka. Unasikia bendi nzuri ikimaliza wimbo, na watu wanaimba kidogo.

Mzee Maingi alikuwa amefumba macho. Mzee Thuo vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye ukingo wa meza. Na mimi, niliyekuja nikimwonea wivu mtu mmoja, nikawaonea wivu wote: wazee kwa kuwa walikuwa pale, watu wa ukumbini kwa kuwa walijua la kufanya taa zilipozimika, na Shiru kwa kuwa alisikia jambo lile na akaondoa mikono yake.

Kurudi

Jioni Shiru alinipa lifti kwenye gari la mamake. Kazi alikuwa hajaituma. Mtandao wa Karen ulimsumbua, akasema atatuma akifika mjini. Tulipita Dagoretti Corner. Mara akasema, "Sema."

"Niseme nini?"

"Uko na ile sura. Umeskia kitu."

Nilikuwa nimesikia. Baada ya wimbo wa tatu kanda ya kwanza inaisha na ya pili inaanza, na Shiru alikuwa ameunganisha makofi ya huku na ya kule ili pengo lisijulikane. Aliunganisha vizuri. Ila kuna mtu mmoja ukumbini anapiga mluzi, mrefu, wa furaha, na muungano unamkata katikati. Ni jambo la nusu sekunde. Lenny hatalisikia, wala wazee, wala yule bwana wa boda. Lingekwenda kiwandani, likachongwa kwenye santuri, na kila nikiiweka nyumbani ningelisikia, na ningejua kwamba yeye hakulisikia. Lingekuwa langu peke yangu. Tulipita taa za trafiki nikiwa nimelishika kama peremende mdomoni.

"Mluzi," nikasema. "Baada ya wimbo wa tatu. Umeukata."

Aliingia kituo cha kwanza cha mafuta, akasimamisha gari kando ya mashine ya kujaza upepo. Tukafungua kompyuta yake juu ya magoti, tukagawana hedifoni, sikio lake moja na langu moja. Alicheza mara mbili.

"Wewe," akasema. "Mimi nimeipita hapa kila siku."

Alivuta muungano nyuma kidogo, kabla mtu yule hajaanza. Nikamwambia bado, kuna pumzi yake, anajaza mapafu, usiikate. Akaivuta tena. Sasa ikawa mtu anavuta pumzi, anapiga mluzi hadi mwisho, na bendi inaingia. Niliona raha isiyo safi. Sehemu ilikuwa kwa ajili ya mluzi, na sehemu ilikuwa kwa sababu alinihitaji, walau kwa nusu sekunde. Akatuma kazi kwa Lenny palepale, kwenye mtandao wa simu yangu.

"Nikuweke kwa jalada, kwa huo mluzi?" akauliza tukikaribia Satellite. "Bado Lenny anangoja majina hadi kesho."

Nilijibu haraka, kwa majivuno yaliyovaa unyenyekevu. "Usiniweke. Ni mluzi tu."

"Sawa."

Hakunisihi. Nilitaka anisihi. Nilishuka nikamshukuru, nikaingia ndani, na Mama akaniuliza kama nimepata hiyo kazi. Nikamwambia hapana. Akaniwekea muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikakaa mezani nikiitazama, nikifikiria jalada lile, jina la Shiru juu yake, na chini yake mahali pangu patupu, milele, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilivumilia hadi nusu ya sahani. Kisha nikachukua simu nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Shiru, niweke."

Jibu lilikuja kabla sijashika kijiko.

"Nilikuweka jana. Kwa kunifundisha."